Bega la Mbele

Siku ya kumzika mama yake, Shomari alisukumwa kando ya jeneza. "Toka hapo, njiti wewe, utamwangusha mama yako," alisema binamu yake, Makame. Watu wakacheka pale pale mazikoni.

Mwaka mzima uliofuata Shomari alifanya mazoezi ya kunyanyua makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Baba yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani na akizidi kukonda, alimsogezea mayai yake kila asubuhi. "Kula wewe. Mimi nataka kubebwa na mwanangu." Shomari alikula. Mabega yakajaa, mashati yakambana.

Leo jeneza la baba lilikuwa uani, limefunikwa. Makame mwenyewe alimpisha mbele. Shomari akachuchumaa, akaingiza bega, akakaza shingo, wakanyanyua. Jeneza likapaa upesi mno.

Akageuka. "Mmeshamweka baba?"

"Yumo," Makame akajibu taratibu.

Shomari akakunja magoti kidogo, akaanza kutembea polepole kama mtu aliyeelemewa na mzigo. Wenzake watatu nao wakapunguza mwendo, wakaenda naye hivyo hivyo mpaka barabarani.