Chai Kwenye Sahani

Mama alimwaga chai ya rangi kwenye sahani, akaiweka juani katikati ya ua wa hospitali, akakataza mtu asiiguse.

"Ameanza tena," mwanawe alimwambia muuguzi kwa huzuni. Muuguzi akainamisha macho.

Jua lilikuwa limepanda, na upande wa pili wa anga nusu ya mwezi ilikuwa bado haijatua. Mama, kapteni wa meli za mizigo kwa miaka ishirini na sita, alipima kimo cha jua kwa chombo chake cha shaba, akitumia taswira yake ndani ya chai badala ya upeo wa bahari. Kisha akakiinua tena na kupima nafasi iliyopo kati ya jua na mwezi. Mara tano.

Mwanawe alichuchumaa mbele yake. "Mama, daktari anakuja sasa hivi. Atakuuliza uko mji gani. Mjibu tu uko mjini kwetu. Mambo ya mwezi achana nayo, atasema akili zimeruka."

"Na akisema?"

"Utabaki humu humu. Funguo za nyumba itabidi nikae nazo mimi."

Nyumba ile aliijenga mwenyewe, likizo baada ya likizo, na aliipenda kuliko meli zote. Wiki tatu zilizopita aliletwa hapa hajitambui kwa homa. Alipozinduka alikuta kuta ndefu, na mwanawe akimwambia asiwe na wasiwasi, nyumbani ni mtaa wa pili tu. Saa na simu vilichukuliwa ili apumzike. Chombo cha shaba na kitabu chake cha mahesabu ya baharini aliachiwa, kama mtoto anavyoachiwa mdoli.

"Kama ni mtaa wa pili, mbona sisikii honi za bandarini?"

"Masikio hayo, mama. Umri."

Mama alifungua kitabu chake, kwenye majedwali ya jua na mwezi. Mwezi husogea angani kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo nafasi yake na jua ni saa ambayo hakuna wa kumvua mtu mkononi. Ukiilinganisha na saa ya jua la hapo uliposimama, unajua umefika wapi, mashariki au magharibi. Alikokotoa kurasa mbili, akafuta, akarudia.

Daktari aliingia na faili lake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unajua uko mji gani?"

Nyuma ya daktari, mwana alimkazia macho mama yake, midomo ikitamka bila sauti: nyumbani. Mama alimwona vizuri sana.

"Mimi siambiwi nilipo," alisema. "Nimevusha meli mahali ambapo hapakuwa na wa kumuuliza njia. Jina la mji huu silijui. Najua niko magharibi ya nyumbani kwangu kwa digrii nne. Labda na nusu, maana chai ilikuwa inatikisika. Andika hivyo hivyo."

"Msamehe, daktari," mwana alidakia, jasho likimtoka. "Si unaona mwenyewe?"

Daktari alitoa simu yake, akatazama ramani, akafungua faili na kusoma anwani ya mgonjwa. Akaweka alama ya vema.

"Uko sawa kabisa, mama. Kutoka hapa hadi kwenu ni mwendo wa saa saba kwa gari."

Mama akamnyooshea mwanawe mkono.

"Funguo."