Makande ya Msiba wa Pimbi

Haya yalitokea, mkikataa shauri yenu. Pimbi alikutwa alfajiri amekufa, shingo imeng'atwa. Wanyama wakamfunga kamba Nguchiro, maana jina lake lilishaoza zamani. Wakasema wakishazika, watampiga mawe afe.

Saa tatu asubuhi mke wa marehemu akawapakulia waombolezaji makande, huku akilia kuliko wote. Kobe, mlaji wa polepole, akatafuna, akasita.

"Shemeji, yamelainika vizuri. Mahindi haya uliyaloweka lini?"

"Tangu jana asubuhi, shemeji. Bila hivyo hayaivi."

"Masufuria matatu, nyumba ya watu wawili? Jana ulikuwa unangoja wageni gani?"

Mwiko ukamdondoka, kilio kikakatika.

Wakamfungua Nguchiro, wakamfunga mjane. Nguchiro hakuombwa radhi na yeyote, na makande wakayamaliza.