Fungu la Makame

Asiyekuwapo siku ya Idi huwekewa fungu lake, na fungu la Makame lilikuwa mchuzi wa kuku wa nazi. Mama yake, Bi Mize, aliufunika ukiwa bado wa moto, akaizongazonga sufuria kwa kanga ili joto la sikukuu lisitoke. Siku ya pili Makame aliketi mkekani, amekonda, asubuhi hiyo hiyo ameruhusiwa kutoka hospitali alikolazwa kwa ugonjwa wa tumbo.

Mkewe, Zamda, alipofunua sufuria aliona vipovu vikipanda juu ya mchuzi, ilhali jikoni hapakuwa na moto.

“Mama, huu umechacha,” alisema kwa sauti ya chini.

“Umechacha wewe! Mchuzi wangu haujamdhuru mtu tangu hujazaliwa.”

“Tungeupoza kwenye mabakuli, tukauweka katika friji ya jirani.”

“Fungu la mwanangu likalale kwa watu?”

Makame alicheka kwa unyonge. “Leteni jamani, la sivyo nitakula mkeka.”

Bi Mize alichota, akauinua upawa juu ya sahani ya wali. Akausitisha hapo, asimimine. Huenda harufu ilikuwa imemfikia yeye pia. Kabla ya siku hiyo Zamda hakuwa amewahi kumpinga mkwewe mbele ya mumewe. Akautandaza mkono wake juu ya wali.

“Ondoa mkono, mwanangu,” alisema Bi Mize polepole.

Mchuzi ukadondoka tone kwa tone juu ya mkono ule, wala hakuna kati yao aliyeuondoa wake.