Sare za Kijani

Nasoro, muuza nyama, alitangulia na panga mkononi, nyuma yake wanaume tisa, wakienda kulipiza kisasi. Kila simu ilikuwa na picha ileile: shule ya mtaa wa ng'ambo inaungua, na maneno kwamba wapinzani wameichoma asubuhi hiyo.

Bi Mwanahawa, fundi cherehani, akawazibia njia. "Hebu nione."

Akaikuza picha kwa vidole viwili bila haraka.

"Watoto hawa wamevaa kijani. Sare hizi nilizishona mimi, na tangu mwaka juzi wanavaa bluu. Huu ni ule moto wa zamani wa jikoni. Mnachochewa, wanangu."

Nasoro akatazama tena. Kijani kweli. Akamstaajabia mama huyu aliyesimama peke yake.

Simu zikalia kwa pamoja. Hakuna aliyefungua ujumbe. Nasoro akamnyooshea Bi Mwanahawa simu yake.

"Na huu, mama?"