Ujumbe wa Wiki Nane

Kwa mujibu wa simu yake, mwalimu wa michezo alikuwa na ujauzito wa wiki nane.

Aliingia maabara saa nne asubuhi, filimbi ikiwa shingoni, akamwonyesha dada wa mapokezi ule ujumbe, kisha akawaonyesha wagonjwa wote waliokuwa benchini, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayegawa kadi za mwaliko. Yeye alikuwa amepima sukari, na sukari tu. Mkewe, aliyefuatana naye, alicheka hadi akalazimika kuketi.

“Miaka kumi na sita tunazunguka kwa madaktari,” mwalimu aliwaambia watu, “kumbe walikuwa wanampima mtu siye.”

Benchi zima likaangua kicheko. Mkewe naye alicheka, ila ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza, akajishughulisha kunyoosha sketi yake magotini.

Mkurugenzi wa maabara hakucheka. Ujumbe wa maabara huwa hauna jina, kwa ajili ya kutunza siri. Una majibu tu. Kwa hiyo, kama mwalimu amepata ujauzito wa mtu, basi yupo mwanamke mahali fulani ambaye siri yake imezagaa kabla hajaijua mwenyewe. Alimwita fundi wa tovuti ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini ambayo wafanyakazi wote waliiogopa: amtafute huyo mwanamke kabla ya saa sita, la sivyo atafute kazi nyingine.

Fundi alikuwa hodari na mvivu kwa kiasi kinacholingana, jambo la kawaida katika kazi ile. Majibu yote yalikaa katika jedwali. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na vipande vitano vilivyotenganishwa kwa alama ya mkato: majibu, namba ya mgonjwa, anwani, simu ya ndugu wa karibu, na mwisho simu ya mgonjwa mwenyewe. PHP, lugha ya kompyuta iliyoendesha tovuti yao, ina amri maalumu ya kusoma majedwali ya namna hiyo kwa uangalifu. Fundi hakuitumia. Aliandika amri moja fupi ya kukata popote penye mkato na kutuma majibu kwa namba iliyo katika kipande cha tano, akaenda zake kunywa chai. Amri hiyo ilikuwa imefanya kazi miaka miwili bila kunung’unika.

Jumatatu ya wiki ile mapokezi yalipata dada mpya, na dada mpya alikuwa nadhifu. Aliyemtangulia aliandika anwani kwa ufupi, “Nyumba 9”, basi. Huyu aliandika “Nyumba 9, ghorofa ya pili”. Mkato huo mmoja wa adabu uliipasua anwani vipande viwili, kila kilichofuata kikasukumwa hatua moja mbele, na kipande cha tano kikawa simu ya ndugu.

Fundi alilifungua jedwali, akaufuata ule mkato kwa kidole hadi kwenye namba ya ndugu. Maabara haikukosea kipimo. Ilikosea mlango wa kubisha.

Alipomweleza mkurugenzi, wote wawili waligeuka kumtazama mwalimu kupitia kioo cha mlango. Alikuwa ndugu wa karibu wa nani?

Mkurugenzi alitoka, akajifanya anahakiki kumbukumbu. Mwalimu alijibu bila hiyana. Jana alikuwa ameleta nyumba nzima: yeye kwa ajili ya sukari, mke kwa sababu ya uchovu usiokwisha, na mpwa wake anayeishi nao, binti wa miaka kumi na tisa, kwa ajili ya fomu za chuo. Mke alishapata ujumbe tangu asubuhi na mapema kwamba sukari yake ni ya kawaida, na sasa alikuwa akisherehekea kwa soda. Binti tu ndiye ambaye hajapata chochote.

“Ni mtoto wa marehemu dada yangu,” mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa anatania. “Nilimwahidi mama yake atamaliza chuo. Huyo akiniangusha, sijui nitasimama wapi.”

Mkurugenzi alirudi ofisini akiwa amebadilika rangi. Mwanamume anayecheka hivyo bado hajaanza kufikiri, alimwambia fundi, na hawakuwa na muda mrefu kabla hajaanza. Maskini binti wa watu, lazima asikie habari zake kutoka kwao, kwa upole, kabla hajazisikia kwa mjomba nyumbani.

Fundi alirudi kwenye kompyuta. Aliufuta mkato uliokuwa ukitenganisha vipande, akaweka mstari wima, alama ambayo hakuna mtu nadhifu wala mchafu aliyewahi kuiandika kwenye anwani yake. Jedwali likatulia, kila kitu mahali pake. Akauruka mstari mmoja wa jana ambao majibu yake yalikuwa bado hayajaingizwa, akautafuta ule wa wiki nane, akanakili namba ya mwisho kwenye karatasi, akaisukuma juu ya meza bila kuinua macho.

Mkurugenzi alisafisha koo mara mbili. Maneno alikuwa ameshayapanga: Binti yangu, usiogope, mjomba hajajua kitu, na sisi tuko pamoja nawe. Akabonyeza namba moja moja, akaweka simu sikioni.

Upande wa pili wa mlango simu ikalia, na mke wa mwalimu akamwomba radhi jirani yake wa benchini, akafungua mkoba, akapokea.