Magauni Mawili Juani

Risper alivaa gauni la pili juu ya la kwanza, na joto la Riyadh siku hiyo lilikuwa nyuzi arobaini na sita.

"Hata viazi vinavyochemka hufunuliwa vikapumua," Hannah alimwambia, pini zikiwa mdomoni. Walikuwa kwenye chumba cha kufulia juu ya paa, katika nyumba ya Al-Suwaidi ambako Hannah alipika, naye Risper akaosha na kulea watoto. "Vua hilo la ndani."

"Nikilivua, hili la juu litaning'inia kama liko kwenye msumari. Mama ataona."

Hannah akachomoa pini moja mdomoni. Gauni la juu lilikuwa la pamba nyepesi, la samawati iliyopauka. Mama mwenyewe ndiye aliyelishona, nyumbani Chwele, kwa cherehani ya kukanyaga, kabla macho yake hayajaingiwa na ukungu. Alikuwa na sheria zake za nguo za jua kali, na Risper alikuwa amezisikia mpaka akazikariri: pamba, si nailoni, rangi isiyokoza, pana kwapani, upepo upite, mikono mirefu, kwa sababu ngozi iliyofunikwa haichomwi. Nguo ya joto haigusi mwili, Mama alipenda kusema. Inaupungia.

Gauni lilikuja kwa basi kutoka Al-Mahjar, Jeddah, ndani ya sanduku la dada yake Nekesa, lililokaa miezi minne chini ya kitanda cha Risper bila kufunguliwa. Leo alikuwa amelifungua. Alipolijaribu gauni, mabega yalimwanguka na pindo likaishia juu kabisa ya vifundo vya miguu.

"Akiuliza, sema limerudi kwa kufuliwa," Hannah alisema, akibana kiuno kwa pini.

Wiki iliyopita Mama alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho. Asubuhi hiyo bandeji ilitolewa, na hakuomba kuonyeshwa ng'ombe wake wala cherehani. Protus, kitinda mimba wake, alimwandikia Risper: "Anataka kukuona kwa video. Juani, si jikoni. Nimeshindwa kumzuia." Baada ya dakika moja akaongeza: "Daktari amekataza machozi wiki sita. Akilia, macho yataharibika. Tafadhali."

Miezi yote ile walikuwa wamezungumza kwa sauti tu. Risper alipiga kila Ijumaa akijiita Nekesa, madam akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Alisema kazi si mbaya, anakula, analala. Sauti ikimkwama, alisingizia kiyoyozi. Kila alipokata simu alijisikia kama aliyepandisha ndoo mbili za maji ngazi zote tatu, kisha akaambiwa azirudishe chini.

"Umechoka," Hannah alisema.

"Nimechoka. Lakini sitakuwa mimi wa kumliza."

Hannah akamfunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, akamvisha miwani yake ya jua. "Haya, sasa unafanana na madam akienda Sulimaniyah kununua viatu. Mimi nitashika simu, nikae mbali. Mambo yakiharibika, sema netiweki mafi, hakuna, nami nakata. Yalla, twende, kabla madam hajaamka."

Mama alitokea kwenye kioo akiwa ameketi kwenye kigoda uani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Miaka miwili hakuwa ameuvaa. Macho yake yalikuwa mekundu na makubwa.

"Unaniona, Mama?"

"Nakuona. Geuka, kama mteja."

Risper akageuka polepole. Sakafu ya paa ilimchoma kupitia malapa. Jasho lilimtiririka mgongoni, katikati ya magauni mawili.

"Inua mikono."

Akainua. Mama alisogeza simu karibu na uso. Alikagua kwapa, akashuka kiunoni, akafika kwenye pindo, akakaa hapo.

"Umevaa nguo mbili."

"Kuna upepo leo, Mama."

"Upepo." Upande wa pili Protus alikohoa. "Na pindo je?"

"Limerudi kwa kufuliwa."

"Kitambaa hicho nilikiloweka siku nzima kabla sijakikata. Kilikwisha rudi kikiwa mezani kwangu."

Nyuma ya simu, Hannah alipitisha kidole shingoni: nikate? Risper alifungua mdomo aseme habari ya netiweki, lakini hakupata nguvu ya kubeba uongo mwingine. Akatikisa kichwa.

"Vua miwani," Mama alisema.

Akaivua. Jua lilimpiga usoni akakunja macho, kisha akayafumbua. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma vipimo vilivyoandikwa na mtu mwingine. Hakulia. Alishika utepe shingoni kwa mikono yote miwili.

"Macho ndiyo yaliyougua, Risper," alisema taratibu. "Masikio hayajaugua hata siku moja. Vua hilo la ndani, upoe, uketi kivulini. Halafu uniambie, mwanangu Nekesa mlimzika na nguo gani?"