Kiganja Juu ya Gauni

Opera ambayo mume na mke walikuja kuitazama sinema ilikuwa ikirushwa moja kwa moja kutoka ng'ambo, na binti yao alikuwa mmoja wa wanakwaya. Baba yake, fundi bomba, alikuwa amemsusa tangu alipoondoka nyumbani bila baraka zake. Hapo sinema alidai amemsindikiza mkewe tu.

Kamera ikapita kwenye kwaya, ikamkuta. Aliimba huku kiganja kimeshika tumbo, chini kabisa, pale gauni lilipotuna.

"Mama wee!" mkewe akanong'ona. "Mwanangu ana mimba."

"Mzee, unatuziba!" mtu wa nyuma akalalamika.

Kumbe fundi alikuwa amesimama. Akaketi polepole, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Nipe simu."

"Bado anaimba, baba watoto."

"Nipe tu. Nitasubiri amalize."